Pawasoo ya mshikio wa juu kwa kazi ya mitini: ninunue ipi?

Swali: "Mwalimu, habari ya kazi. Mimi na wenzangu wawili tunapunguza na kuangusha miti kwenye nyumba za watu hapa Nakuru, sana sana Milimani na Kiamunyi, na mara nyingine tunaitwa Kisumu. Miaka yote nimepanda na pawasoo ya kawaida, ile ya mshikio wa nyuma yenye baa ya inchi 18, na sasa mgongo umeanza kulalamika. Nataka ile ndogo ya mshikio wa juu. Mwenzangu aliazima moja akaisifu kwamba unakata kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika tawi. Hiyo hiyo ilifanya kazi vizuri hapa Nakuru, tukaenda nayo Kisumu ikakwama siku ya pili, na fundi akasema pistoni imeungua kwa mafuta mabaya. Madukani naona za cc 25 za bei ya chini, naona Stihl na Husqvarna za bei ya kuogopesha, na siku hizi kuna za betri. Ninapanda kwa kamba moja na mkanda wa kiunoni. Ninunue ipi?"

Kaka, swali lako ni la msumeno, lakini sentensi iliyonisimamisha ni ile ya kamba moja na mkanda wa kiunoni. Nianzie hapo, kisha tuje madukani.

Kamba iliyobeba uzito wa mtu imevutika kabisa. Mnyororo wa pawasoo, hata ndogo, hukimbia mita kama 20 kwa sekunde, na kamba iliyovutika ikiguswa tu na meno yake imekwisha. Huna nafasi ya kusema "ngoja". Ndiyo maana kanuni ya Marekani ya kazi za miti, ANSI Z133, inamtaka mpandaji anayetumia pawasoo awe amefungwa kwa njia mbili, na wapandaji wa Ulaya hufanya vivyo hivyo. Njia ya kwanza ni kamba kuu iliyofungwa juu yako kwenye panda imara. Ya pili ni kamba fupi ya kuzungusha shina, yenye waya wa chuma ndani, unayoifunga kwenye pete za ubavuni kabla hujawasha msumeno. Waya huo haumaanishi kamba haikatiki. Unachelewesha mnyororo kidogo tu, na kuchelewa huko ndiko kunakokupa muda wa kuachia akselereta.

Mkanda wa kiunoni pekee nao si wa kazi hii. Ukining'inia nao unapanda hadi mbavuni na kukubana pumzi, au unakupindua kichwa chini. Unahitaji hanesi ya kukalia, yenye mikanda ya mapaja. Bado utateleza siku moja, kila mpandaji huteleza, lakini utateleza ukiwa umekaa.

Hanesi na kamba ya pili kwa pamoja kwa kawaida havifikii bei ya pawasoo nzuri ya mshikio wa juu. Kama pesa uliyonayo inatosha kimoja tu, nunua hivyo, uendelee na msumeno wa mkono mwezi mmoja au miwili. Najua si jibu ulilotaka.

Sasa tuje kwa mkono mmoja, maana hapa mwenzako amesifu sifa isiyokuwepo. Mshikio uliwekwa juu ili msumeno uwe mfupi, upite katikati ya matawi na ukae vizuri ubavuni unapopanda. Haukuwekwa ili mkono wa kushoto upewe likizo. Na kuweka mshikio pale kuna gharama yake.

Mnyororo unakwenda mbele upande wa juu wa baa, unazunguka ncha, kisha unarudi kwako upande wa chini. Pale kwenye ncha, robo ya juu, meno yanashuka. Yakigusa tawi la nyuma ambalo hukuliona, jino linashika na kukataa kukata. Nguvu iliyokuwa inalisukuma jino chini sasa inaisukuma baa juu na nyuma, kuelekea usoni au shingoni. Jambo hilo huisha kabla hujapepesa macho. Kinachokuokoa ni mikono yako kuwa imeachana, ili mmoja ushikilie na mwingine uzuie. Shika jembe mikono ikiwa imeachana, kisha ulishike ikiwa imebanana, mtu apige ncha ya mpini, utaelewa tofauti. Kwenye pawasoo ya mshikio wa juu mikono tayari imebanana, kwa hiyo msumeno una nguvu zaidi ya kukugeuza kuliko ule wako wa inchi 18. Ukiondoa mkono wa kushoto, umeondoa kilichobaki.

Tena kile kinga cha mbele ya mshikio ndicho breki ya mnyororo. Msumeno ukiruka, kifundo cha mkono wa kushoto hukisukuma na mnyororo husimama. Mkono wa kushoto ukiwa kwenye tawi, unategemea breki ijifunge yenyewe kwa mtikisiko peke yake. Na huo mkono ulioshika tawi uko wapi? Uko kwenye njia ya mnyororo. Majeraha ya mkono mmoja huenda huko: vidole, kiganja, kigasha cha kushoto.

"Sasa tawi nitalizuia vipi lisianguke juu ya mabati ya mteja?" Swali la haki. Kwa matawi unayoweza kuyabeba, kuna mkato wa ngazi. Kata upande mmoja hadi kupita katikati. Hama kama sentimita mbili au tatu kando ya mkato wa kwanza, kata kutoka upande wa pili nao upite katikati kidogo. Nyuzi zinazobaki kati ya mikato miwili zinalishikilia tawi. Zima msumeno, uning'inize, kisha shika tawi kwa mikono miwili ulivunje na kulitupa unakotaka. Hapo mikono yote miwili iko kwenye tawi na mnyororo umelala. Kwa tawi zito usilolimudu, kamba ya kushushia na msaidizi wa chini anayejua kuishika, hakuna njia ya mkato.

Nimetaja kuning'iniza. Pawasoo ya mshikio wa juu ina pete nyuma ya kuunganishia kamba yake kwenye hanesi. Nunua ile kamba iliyotengenezwa iachie ikivutwa kwa nguvu kubwa. Msumeno ukinaswa kwenye tawi linaloanguka, bora uende na tawi kuliko wewe uende na vyote viwili. Na kila unapouachia, breki iwe imefungwa, au uwe umezimwa.

Twende Kisumu. Sibishani na fundi aliyeishika hiyo pistoni, mimi sijaiona. Lakini umesema ilikuwa nzima Nakuru ikafia Kisumu, na hiyo ni dalili inayonielekeza kwingine kabla ya mafuta.

Nakuru iko mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kisumu iko mita kama 1,130. Kanieneo ya hewa Nakuru ni pungufu kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na pwani, Kisumu ni pungufu kwa asilimia 12 au 13. Msumeno wa kabureta ya kawaida, uliorekebishwa kiwandani kwa hewa nzito, ukifika Nakuru unapata petroli nyingi kuliko hewa. Unatoa moshi, unavuta kwa uvivu, plagi inakuwa nyeusi. Fundi anachukua bisibisi, anakaza skrubu yenye herufi H, petroli inapungua, sauti inachangamka, kila mtu anafurahi. Sawa kabisa, kwa Nakuru.

Kisha mnaupakia kwenye gari, mnapita Mau Summit na Kericho, mnashuka hadi Ahero na Kisumu. Sasa kila pumzi ya injini ina hewa zaidi, na ile skrubu bado imekazwa kwa hewa ya Nakuru. Mchanganyiko unakuwa mkavu. Kumbuka injini hii haina oili yake pembeni, oili inaingia ndani ya petroli. Petroli ikipungua na oili imepungua. Moto unapanda, injini inazunguka kasi kupita kiasi, nayo inasikika tamu sana, kali na nyembamba, hata mtu anadhani leo imeamka vizuri. Pistoni inavimba na kukwaruza silinda.

Kuna namna ya kuangalia bila kubishana. Fungua ekzosi, skrubu chache tu, umulike pistoni kupitia tundu lake. Mikwaruzo ikiwa upande wa ekzosi tu, kwa kawaida ni joto la mchanganyiko mkavu. Ikizunguka pistoni yote, hapo fundi wako ana hoja: oili haikuwemo au ilikuwa kidogo mno. Ukavu pia huletwa na mpira wa mafuta uliopasuka au sili ya krenki inayovuta hewa, kwa hiyo msibadilishe pistoni na silinda bila kupima uvujaji, la sivyo na mpya itafuata ile ya kwanza.

Ukiwa na kabureta ya skrubu, fungua H kidogo kabla ya kazi ya kwanza kila unaposhuka kwenye hewa nzito, na ukirudi juu urekebishe tena. Sikio ndilo kipimo cha shambani: ukivuta akselereta yote bila mzigo, sauti iwe na mkoromo kidogo, na ikiingia kwenye mti inyooke. Ikinyooka bila mzigo, ni kavu. Bora umwombe muuzaji aliyeidhinishwa akupimie mizunguko kwa kifaa mara ya kwanza, usikie sauti sahihi ikoje, kisha sikio lako liibebe. Kuchanganya mafuta nako fuata kitabu chake. Nyingi za sasa zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili nzuri maalumu kwa lita moja ya petroli. Oili ya gari au ya jenereta usiiweke. Petroli iliyolala mwezi mzima kwenye mtungi itie kwenye pikipiki.

Baada ya haya, kuchagua ni rahisi kuliko ulivyodhani.

Kwa mtu anayepanda na kushuka kati ya Nakuru na Kisumu, ningetoa pesa zaidi kwa kabureta inayojirekebisha yenyewe. Stihl huiita M-Tronic, Husqvarna huiita AutoTune. Inasikiliza injini na kubadilisha petroli yenyewe, hewa ikiwa nyepesi au nzito. Stihl MS 201 T C-M ina cc 35.2, kilowati 1.8, uzito wa kilo 3.7 bila baa, mnyororo wala mafuta. Husqvarna T540 XP iko daraja hilohilo la nguvu na uzito. Kati ya hizo mbili sitakupigia debe. Nenda kwa yule aliye karibu nawe mwenye spea dukani na kompyuta ya kuusoma mfumo huo, kwa sababu ukikataa, fundi wa mtaani mwenye bisibisi hana pa kuigusa. Hilo ndilo tatizo lake la kweli, nami sitakuficha.

Pesa ikikataa, shuka ngazi moja: Stihl MS 194 T yenye cc 31.8 au Husqvarna T435 yenye cc 35.2, zote za skrubu. Ni misumeno ya kazi, si ya kuchezea. Utakuwa tu na nidhamu ya bisibisi niliyoieleza. Na jua kwamba injini yoyote ya petroli Nakuru inakupa pungufu ya kile kilichoandikwa kwenye boksi, karibu moja ya tano, kwa sababu hewa haipo. Kwa hiyo usiongeze urefu wa baa. Inchi 12 zinatosha, 14 ndiyo mwisho. Baa ndefu juu ya mti inaongeza uzito mbele, na ile ncha niliyoieleza inakwenda mbali na macho yako.

Zile za cc 25 za bei ya chini: udogo wake si kosa. Echo CS-2511 ni cc 25 na ina kilo kama 2.3 tu, nayo ni chombo cha wapandaji wa kweli kwa kupunguza matawi. Kinachonitia shaka kwenye zile za bei ya kutupa ni breki na spea. Kabla ya kulipa, omba iwashwe, vuta akselereta kidogo, sukuma kinga cha mbele kwa kifundo. Mnyororo usimame papo hapo. Ukiachia akselereta, mnyororo usitembee wenyewe. Kisha muulize muuzaji akuuzie leo spea mbili: mpira wa mafuta na springi ya breki. Asipokuwa nazo leo, mwezi wa tatu hatakuwa nazo vilevile.

Betri nimeiacha mwisho, na naipenda kuliko mafundi wengi wa rika langu. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo haijui kama iko Nakuru, Kisumu au Timboroa. Hakuna kuvuta kamba ya kuwashia ukiwa umening'inia, hakuna moshi usoni, na msaidizi wa chini akipiga kelele unamsikia. Kazi za Milimani, ambako ni kupunguza jakaranda na grevilea juu ya paa, zinaifaa kabisa. Upande wa pili wa mizani: hesabu betri mbili au tatu pamoja na chaja katika bei, na siku stima ikipotea uwe na jenereta. Mkaratusi mkubwa wa kushusha vipande kutwa nzima utakumalizia betri kabla ya chai ya saa kumi. Na ukimya wake una hila. Ya petroli inakukumbusha kwamba iko hai. Ya betri imenyamaza ubavuni huku ikisubiri kidole tu. Breki, kila mara.

Ungeniambia nichague kwa ajili yako bila kukuona, ningesema ya petroli ya cc 35 yenye kabureta ya kujirekebisha, baa ya inchi 12, na ile yako ya inchi 18 ibaki chini kwa shina na kukatakata. Kinyume chake usifanye: ya mshikio wa juu si ya kukata kuni ardhini. Watengenezaji wenyewe wanaeleza kwamba ni ya kazi ya juu ya mti kwa mtu aliyefundishwa, na ukiinama nayo chini ile ncha inagusa vitu usivyoviona.

Mgongo wako. Msumeno unaobeba sasa, ukiwa na baa na mafuta, unazidi kilo 6, na mdogo utakupunguzia. Lakini mara nyingi mgongo huumizwa na kujipinda kufikia tawi, si kilo peke yake. Hama. Rekebisha kamba hadi mkato uwe kati ya kiuno na bega, usikate kitu kilicho juu ya bega. Na nunua msumeno wa mkono wa kupogolea, ule uliopinda, wenye ala yake mguuni. Tawi la unene wa kifundo cha mkono linakatika kwa misukumo michache, na wapandaji wazuri huutumia kuliko wateja wanavyodhani.

Mnyororo wa misumeno hii mingi ni wa 3/8 mwembamba, tupa yake ni milimita 4.0. Usiutumie ile tupa nene ya msumeno wako mkubwa, itaharibu jino. Noa asubuhi na tena mchana. Ukitoka unga badala ya vipande, mnyororo ni butu na sasa ni wewe unayesukuma. Yale meno mafupi ya mbele, ya kupimia kina, yashushe kwa kipimo chake tu. Kuyashusha sana kwa haraka ya kukata kunafanya msumeno uume na kuruka.

Suruali ya kinga kwa mpandaji iwe ya aina C, inayolinda mguu pande zote, kwa sababu mtini msumeno unakujia hata kutoka nyuma. Aina A hulinda mbele tu, ni ya mtu wa chini. Helmeti iwe na mkanda wa kidevu, na mkanda wa kukaza wa kuzuia damu uwe kwenye hanesi yako, si kwenye gari.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kukufanyia. Kukata ukiwa na kamba mbili jifunze ukiwa mita mbili kutoka ardhini, na mtu anayejua amesimama hapo, kabla hujaenda mita kumi na tano. Jizoezeni pia ninyi watatu jinsi wa chini atakavyokushusha ukiwa umeumia. Kama hakuna mwingine kati yenu anayeweza kupanda, hiyo timu haijakamilika kwa kazi hii. Vidole vikianza kufa ganzi au kuwa vyeupe asubuhi ya baridi, usingoje vizoee, nenda hospitali umweleze daktari unatumia mashine ya mtetemo. Kama wale wenzako wawili umewaajiri wewe, sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, WIBA, inakutaka uwe na bima yao. Ruhusa ya kukata mti ulizia ofisi ya kaunti na KFS, yaani Huduma ya Misitu Kenya, kabla ya kupanda, si baada ya jirani kupiga simu.

Na mti ukiwa umegusa nyaya za stima, au tawi linaweza kuzifikia likianguka, hakuna pawasoo ya kununua kwa kazi hiyo. Mwambie mteja aombe Kenya Power waje wazime laini, nawe ubaki chini mpaka mfanyakazi wao akuthibitishie mwenyewe kwamba imezimwa.